Mwanangu anasoma mbio, bila kituo wala hisia. Ana tatizo?

"Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Kusoma anajua, neno halimpigi chenga, ila anasoma kama anafukuzwa. Hakuna kituo, hakuna kupandisha wala kushusha sauti. Akimaliza ukurasa ndipo anavuta pumzi. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti 'asome kwa hisia'. Nikaanza kumfundisha ahesabu moja akifika kwenye mkato na mbili kwenye nukta, naona ndiyo kaharibika zaidi. Nikimuuliza alichosoma anataja majina ya watu na mwisho wa hadithi, katikati hakumbuki. Baba yake anasema mradi anasoma tumwache, hisia ni kazi ya waigizaji. Lakini mtoto huyuhuyu akikusimulia mechi ya jana utadhani ni mtangazaji wa redio. Je, ana tatizo? Na hizo hisia anafundishwaje?"

Mama, jambo kubwa kuliko yote umeliandika mwishoni kama nyongeza tu: ile mechi ya jana. Mtoto anayesimulia goli kwa kupandisha sauti, akanyamaza kidogo kabla ya kumtaja mfungaji, akauliza "unajua alifanyaje?" na kusubiri uitikie, huyo kiimbo, yaani mpando na mshuko wa sauti, anacho. Masikio yanasikia, ulimi unatii, lugha anaijua. Kinachomshinda ni kukipata kiimbo hicho kwenye karatasi, ambako hakikuandikwa. Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu mapema: kwa ulivyoeleza, sioni dalili ya ugonjwa wowote. Swali la pili ni refu zaidi, kwa sababu neno "hisia" limewapeleka wewe, mwalimu na baba yake njia tatu tofauti.

Baba ana haki kidogo. Kusoma kwa kuigiza si lengo la shule. Kuna mtoto mwenye haya, anayesoma kwa sauti ya chini isiyo na mbwembwe yoyote, na ni msomaji mzuri kabisa. Lakini kiimbo si mbwembwe. Tangazo la mkutano wa kijiji halina furaha wala huzuni, na bado ukilisoma ovyo watu watatawanyika wakiulizana mkutano ni lini. Kiimbo ni kuyakusanya maneno yanayokwenda pamoja, kulipa uzito neno linalobeba habari, kuishusha sauti pale jambo lilipokwisha na kuiacha juu pale ambapo bado linaendelea. Hisia huja baada ya hapo, na mara nyingi huja zenyewe bila kuitwa.

Kiswahili kinakitegemea kiimbo kuliko tunavyofikiri. Chukua maneno matatu: "Mama Juma amekuja." Yasome kwa mkupuo mmoja, mzazi wa Juma amefika. Itenge "Mama" kidogo, "Mama, Juma amekuja," na sasa kuna mtu anamwarifu mama yake kwamba Juma kafika. Maneno ni yaleyale, mgeni ni mwingine. Au: "Mtoto amekula." "Mtoto amekula?" Hapakuongezwa neno wala kuhamishwa neno, kazi yote imefanywa na sauti. Tunaweza kutanguliza "je", ila hatulazimiki, na katika mazungumzo ya kawaida mara nyingi hatuitumii. Mtoto anayelipita swali hilo kwa sauti bapa huenda kichwani mwake halikuulizwa kabisa. Anaendelea na hadithi akiamini mtoto ameshashiba, halafu anashangaa kwa nini bibi anakoroga uji.

Sasa tazama ugumu wa kazi yenyewe. Alama ya kuuliza iko mwisho wa sentensi, ilhali sauti inatakiwa ijiandae kabla ya kufika huko. Msomaji mzoefu huliweza hilo kwa sababu jicho lake hutangulia kinywa kwa maneno mawili hivi. Anapotamka "mtoto", jicho limeshafika kwenye "amekula" na limeshaiona alama. (Waspania nao swali lao laweza kutofautishwa kwa sauti tu, na mwaka 1754 chuo chao cha lugha kiliagiza alama ya kuuliza iwekwe mwanzoni pia, kichwa chini miguu juu. Sisi hatuna msaada huo.) Jicho la mtoto haliwezi kutangulia kama bado limeng'ang'ania silabi iliyo chini yake. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, LaBerge na Samuels, walilieleza hili kwa namna ambayo imedumu hadi leo: akili ina kiasi cha umakini na si zaidi, na kinachotumika kutambua maneno hakipatikani tena kwa ajili ya maana. Utambuzi ukishakuwa wa kujiendea wenyewe, umakini hubaki huru.

Utasema: lakini mwanangu maneno anayatambua, tena mbio. Hapa ndipo Kiswahili kinapotutega. Lugha yetu huandikwa inavyotamkwa, na mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwekea mbele, hata ambalo hajawahi kulisikia. Ni neema, maana mtoto wa Kiingereza huhangaika miaka na tahajia yake. Ila neema hiyo humwezesha mtoto kutamka mbali sana kupita pale anapoelewa, na sisi tunaomsikiliza tunadhani amefika. Angalia "hawakumwambia". Silabi sita, na ndani yake kuna ukanushi, watu fulani, wakati uliopita, mtu mwingine anayetendewa, na tendo lenyewe. Mtoto anaweza kuzimwaga silabi zote sita kwa uzito ule ule, asikosee hata moja, na lile "ha" lililogeuza habari yote likampita.

Kuna kipimo rahisi hapo. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka unahama nalo: kwenye "nyumba" uko mwanzoni, kwenye "nyumbani" uko katikati. Anayesikiliza hujua neno limeishia wapi kwa sababu ya mkazo huo. Mtoto akiongea haukosei kamwe. Akisoma na mkazo ukapotea, ujue bado anasoma silabi, hata kama anazisoma kwa kasi ya pikipiki. Muwekee neno "barabara" katika sentensi mbili, moja ikiwa na njia ya magari na nyingine ikiwa na maana ya sawasawa, kisha usikilize kama atayatofautisha. Asipoyatofautisha, hajatazama sentensi, ametazama neno.

Kuhusu hiyo kasi. Watoto wetu hupimwa sana kwa saa. Kipimo cha usomaji wa madarasa ya mwanzo kiitwacho EGRA, kilichoanza kutengenezwa mwaka 2006 na kutumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, humpa mtoto sekunde 60 na kuhesabu maneno aliyosoma sawasawa. Kwa kazi yake ni kipimo kizuri: kinaonyesha hali ya shule nyingi kwa haraka. Tatizo linaanza kikishuka hadi sebuleni, mzazi akashika simu na kuanza kuhesabu, mtoto akajua kwamba sifa ziko kwenye kumaliza. Ukimsifu kwa mbio, atakupa mbio. Yafaa kukumbuka kwamba jopo la taifa la usomaji la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, lilitaja mambo matatu katika kusoma kwa ufasaha: kasi, usahihi na kusoma kwa kiimbo kifaacho. Mawili ya kwanza yana namba, kwa hiyo yakapimwa. La tatu halina namba, likaachwa liwe maoni kwenye ripoti ya muhula.

Niwe mkweli kuhusu jambo ambalo wataalamu wenyewe hawajalifunga. Je, kiimbo kizuri humsaidia mtoto kuelewa, au kuelewa ndiko kunakoleta kiimbo kizuri? Kikundi cha Paula Schwanenflugel wa Chuo Kikuu cha Georgia kilirekodi watoto wakisoma na kupima sauti zao kwa mashine. Matokeo yao ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba watoto waliotambua maneno upesi ndio waliosoma kwa sauti inayokaribia ya watu wazima, lakini ushahidi kwamba kiimbo chenyewe huongeza ufahamu ulikuwa hafifu. Mwaka 2008, Miller na Schwanenflugel walipowafuatilia watoto kwa miaka kadhaa, waliona jambo la kutia moyo zaidi. Waliopunguza mapema vile vituo vya kukatikia mahali pasipofaa walikuja kuwa na kiimbo kama cha watu wazima, na waliopata kiimbo hicho mapema walikuja kuelewa vizuri zaidi baadaye. Kwa maoni yangu njia hii ina pande mbili, na mwenye kuahidi kwamba kumfundisha mtoto kupandisha na kushusha sauti kutamfanya aelewe anauza kitu ambacho hana dukani.

Tena sauti nzuri peke yake inaweza kudanganya. Mtoto wa madrasa anaweza kuisoma Kurani kwa tajwidi, yaani kwa kanuni zake za usomaji, ya kumtoa mtu machozi kabla hajajua Kiarabu cha kuombea maji. Hilo si kosa, kwani pale lengo la kwanza ni usomaji wenyewe. Lakini tazama jinsi wanazuoni walivyolichukulia suala la kituo: hawakumwachia msomaji abahatishe. Msahafu una alama za waqfu, yaani za kusimama: mim ndogo ya kukulazimisha usimame, lam-alif ya kukuzuia, jim ya hiari. Kila aliyepita madrasa ameonywa kuhusu aya ya nne ya Suratul Maun: anayeishia pale pasipo kuendelea na aya inayofuata amewalaani wanaosali, wote, badala ya wale wanaoipuuza sala yao. Kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu hakina jim wala lam-alif. Kina mkato na nukta, basi.

Na hapo ndipo mbinu yako ya kuhesabu ilipokwama. Haukuwa uzembe wako. Vizazi na vizazi tumefundishwa "mkato moja, nukta mbili". Shida ni kwamba mkato huwekwa kwa kufuata kanuni za uandishi, na pumzi hufuata makundi ya maneno. Mara nyingi hukutana, si kila mara. "Ndiyo, mama" ina mkato, na hakuna mtu duniani anayesimama hapo akahesabu. Upande wa pili: "Mwanafunzi aliyechelewa kufika shuleni jana ametumwa kumwita mzazi wake." Hakuna mkato hata mmoja, lakini ukiisoma utajikuta sauti inakaa kidogo baada ya "jana", kwa sababu hadi hapo tulikuwa tunaambiwa ni nani, na baada ya hapo tunaambiwa yaliyompata. Rekodi za Georgia zilionyesha hilo pia: watu wazima wasomaji wazuri hawasimami kwenye kila mkato. Mtoto anayehesabu vituo amebebeshwa kazi ya tatu juu ya mbili zilizokuwa zinamlemea. Iache leo.

Badala yake, anza na kitabu rahisi. Tafuta cha darasa la kwanza au la pili, umpe asome kana kwamba anamsomea mdogo wake. Sauti ikichangamka, umepata jibu: vitabu anavyosoma vinamzidi nguvu, hata kama hakosei neno. Ikibaki bapa hata kwenye kitabu chepesi, basi ni mazoea ya kukimbia, au ni kiimbo cha darasani. Nadhani unakijua: watoto sabini wanasoma pamoja, kila neno linavutwa mkia, "hiiiki niii kitaaabu". Mwalimu mwenye darasa kubwa hivyo hana njia nyingi na simlaumu, ila mdundo ule ni wa kundi, si wa sentensi, na watoto wengine huondoka nao.

Kisha msomee wewe. Hili ndilo ningekuomba ulifanye hata kama mengine yote yatakushinda. Watoto wengi wakishajua kusoma tunaacha kuwasomea, ilhali ndipo wanapohitaji kusikia jinsi maandishi yanavyogeuka kuwa maneno ya mtu. Chagua aya fupi. Isome kwanza wewe, polepole, yeye akifuata kwa kidole chini ya kundi la maneno, si chini ya neno moja moja. Izungumzieni kidogo: nani anasema hapa, amekasirika au anatania? Halafu soma sentensi moja naye airudie, kisha someni pamoja, kisha asome peke yake. Kesho rudini kwenye aya ileile. Kurudia aya moja mara kadhaa ni mbinu ambayo Samuels aliieleza mwaka 1979, na watafiti waliomfuata waliona kwamba si kasi tu inayopanda, hata makundi ya maneno hukaa vizuri. Yeye alitumia saa. Wewe usitumie.

Kama mtoto anapenda kalamu, nakilini aya hiyo kwenye daftari na mchore mistari midogo ya mshazari kati ya makundi. Kwenye daftari nimesema, maana kitabu cha shule si chako. Mwache yeye aamue mistari iende wapi, na mbishane. "Juma na dada / yake walikwenda / kuchota maji", hivyo inasikika sawa? Atacheka, atausogeza mstari, na hapo amefanya kazi ya sarufi ambayo mtihani wa sarufi haumfundishi. Simu nayo inafaa: mrekodi, msikilize wote wawili, na umwombe aseme yeye wapi pamekwaruza. Usianze wewe.

Mazungumzo ndiyo dawa tamu zaidi. Hadithi za sungura na fisi zimejaa watu wanaodanganyana, na mtu hawezi kumdanganya mwenzake kwa sauti bapa. Mmoja awe fisi, mwingine sungura, msimulizi mbadilishane. Ngonjera pia. Ukikosa vitabu, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bila malipo, na African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili za kupakua. Na kwa kijana wako mimi ningeanza kwingine kabisa: mwambie asimulie ile mechi, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema, halafu umpe ayasome. Hayo ni maneno ambayo kiimbo chake anakijua kwa sababu ni chake.

Wakati huo huo, neno "soma kwa hisia!" lisitamkwe nyumbani. Ni amri isiyotekelezeka. Mtoto huitika kwa kupaza sauti au kuitetemesha, anachekwa na ndugu zake, na siku nyingine atasoma kwa kunong'ona. Akikosea kituo mwache afike mwisho wa sentensi, kisha uliza kuhusu maana: "Kwa hiyo nani amekuja, Juma au mama yake?" Atarudi mwenyewe kuisoma upya.

Umeuliza pia kwa ukimya, nadhani, kama umpeleke tuisheni. Mimi nisingekimbilia huko. Tuisheni nyingi za jioni ni za mitihani, atazidishiwa mbio. Robo saa yako wewe kwa siku nyingi za wiki inamfaa zaidi, na kama wewe umechoka na kazi, dada yake mkubwa anaweza. Hadithi za kusikiliza kwenye redio au simu ni nzuri kwa sikio, ila zina faida zaidi kama ana maandishi yake mbele anayafuata. Usitegemee mabadiliko ya wiki moja. Hesabu kwa muhula.

Neno moja kuhusu lafudhi, kwa kuwa mara nyingine ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti bila kutajwa. Kama nyumbani mnaongea lugha nyingine, Kinyaturu, Kisukuma au yoyote ile, kiimbo cha mtoto kitabeba rangi ya kwao. Lugha nyingi za Kibantu hutumia toni, Kiswahili hakitumii, na sauti ya mtoto itapanda mahali ambapo mtu wa Tanga asingeipandisha. Hiyo si kasoro ya kusoma. Ukisikia makundi yamekaa vizuri na swali limesikika kuwa swali, mwache na lafudhi yake. Wala usimpime kwa Kiingereza; huko mkazo hauna makao maalumu kama kwetu, na sauti bapa katika lugha anayoanza kujifunza ni jambo la kutarajiwa.

Nimesema sioni ugonjwa, lakini yapo ambayo ukiyaona usingoje barua yangu nyingine. Mtoto ambaye hata akiongea sauti yake ni bapa, au anakwepa kuongea na watu. Anayesitasita na kurudia silabi ya kwanza kwa kukaza mwili, iwe kusoma iwe kuongea. Aliyewahi kutoka usaha masikioni, au anayeongeza sauti ya redio kila mara: huyo apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza. Anayekisogeza kitabu puani au kulalamika kichwa akisoma apimwe macho. Aliye darasa la tatu na bado anadodosa silabi kwa silabi baada ya kusaidiwa kwa dhati: katika lugha ziandikwazo kama zinavyotamkwa, ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao huonekana zaidi kwa ukawiaji kuliko kwa makosa, kwa hiyo tusisubiri makosa ndipo tushtuke. Na kuna jaribio moja ambalo ningependa ulifanye wiki hii. Msomee wewe hadithi asiyoijua, asione kitabu, kisha umwombe akusimulie. Akiisimulia vizuri na katikati yake, shida iko kwenye kusoma na hayo niliyoeleza yatamsaidia. Asipoweza hata hivyo, shida iko kwenye kuelewa lugha au kushika habari, na mazoezi ya kiimbo yatakuwa yanakuna pasipowasha. Hapo muone mwalimu wake, na kupitia kwake afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yenu. Nenda na rekodi mbili za simu, ya mwezi huu na ya mwisho wa muhula, zote za aya moja, na moja ya ile mechi.